Jinsi Mji wa Pwani Unavyojiweka Tayari kwa Gharika

1. Malori ya Tunduma

Mtu akisimama Tunduma karibu na mpaka wa Zambia, huona malori yamejipanga mstari mrefu, moja nyuma ya jingine. Mengine yamechukua mafuta, mengine mbolea, na yale yatokayo ng'ambo yamechukua shaba. Kando yake imepita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo ina urefu wa kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Malori hayo na magari ya moshi yanategemea mlango mmoja, nao ni bandari ya Dar es Salaam, iliyo mbali nasi zaidi ya kilometa 900.

Labda mmoja wenu atasema, "Sisi wa Songwe tunakaa katika nchi ya juu, na wengi wetu hatujaiona bahari. Habari za gharika ya pwani zatuhusu nini?" Swali hili ni jema, wala si la kuchekwa. Jibu lake ni hili: mlango ukizibwa, walio ndani ya nyumba hawapati kitu. Bandari ikifungwa kwa dhoruba, mafuta na mbolea huchelewa kufika Mbozi na Momba, na kahawa yetu huchelewa kupakiwa melini. Tena nani kati yetu hana ndugu aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi au elimu? Basi gharika ya huko ni msiba wa kwetu pia. Na mafunzo yake yanafaa hata milimani, kama mtakavyoona mwisho wa somo hili.

2. Kwa nini maji yamezidi

Hewa inayoizunguka dunia ni mfano wa blanketi. Blanketi likiwa la kiasi, mtu hulala vizuri. Likizidi unene, hutokwa jasho. Kwa muda wa miaka mia na hamsini na zaidi watu wamechoma makaa ya mawe, mafuta ya petroli na misitu, na moshi wa vitu hivyo umelinenepesha blanketi la dunia. Wataalamu wamepima, wakaona kwamba katika miaka ya 2011 hata 2020 joto la dunia lilizidi lile la miaka ya 1850 hata 1900 kwa digrii 1.1 hivi. Mabadiliko haya huitwa mabadiliko ya tabianchi.

Digrii moja yaonekana kuwa kitu kidogo, lakini matokeo yake ni matatu, tena ni makubwa. Kwanza, maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi za baridi huyeyuka. Kwa hiyo bahari hupanda. Tangu mwaka 1901 hata 2018 bahari za dunia zimepanda kadiri ya sentimeta 20. Pili, hewa yenye joto huchukua mvuke mwingi zaidi, kadiri ya sehemu 7 katika kila 100 kwa kila digrii moja. Kwa hiyo mvua ikinyesha huweza kunyesha kwa nguvu kupita ilivyokuwa zamani. Tatu, maji ya bahari yenye joto ndiyo chakula cha vimbunga.

Pwani yetu haipigwi na vimbunga mara nyingi. Sababu ni kwamba iko karibu na ikweta, na hapo mzunguko wa dunia hauna nguvu nyingi ya kuuzungusha upepo. Walakini, jambo la nadra si jambo lisilokuwapo. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mingi sana. Tena mwezi wa Aprili mwaka 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Mtu asiseme, "Hakijanipiga mimi, basi hakipo."

3. Gharika ya Dar es Salaam ya mwaka 1 na 10 baada ya 2000

Mwaka huo ni 2011. Katikati ya mji wa Dar es Salaam unapita mto Msimbazi, utokao katika vilima vya Pugu na kuingia Bahari ya Hindi. Wakati wa kiangazi ni mto mdogo tu, mtu aweza kuudharau. Bonde lake lina ardhi tambarare, na watu wengi maskini walikwisha kujenga humo, kwa kuwa ni karibu na soko na kazi, na viwanja vya mahali pengine vilikuwa ghali.

Tarehe 20 Desemba 2011 mvua kubwa ilianza kunyesha, nayo haikukoma siku ile. Mvua ya namna ile haikuwa imeonekana mjini kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini. Mto ukafurika, maji yakaingia nyumbani, yakapita madirisha. Watu wakapanda juu ya mapaa pamoja na watoto wao, wakangoja msaada. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu walipoteza nyumba na vyombo vyao.

Hapo yafaa tufikiri juu ya kazi ya waokoaji. Gari la zimamoto lina nguvu, lakini halijui kuogelea. Gari la wagonjwa lina king'ora, lakini king'ora hakiondoi maji barabarani. Siku ya moto, nyumba moja huungua, na kikosi kizima huikimbilia. Siku ya gharika, nyumba elfu huomba msaada kwa saa ile ile, na njia za kuziendea zimefunikwa. Kwa hiyo kikosi kilichotayarishwa kwa moto peke yake hakijatayarishwa kwa gharika.

Baada ya msiba ule, Serikali iliwapa watu wa bondeni viwanja Mabwepande, upande wa kaskazini wa mji. Wengine walikaa huko, na wengine baadaye wakarudi bondeni. Msiwahukumu upesi. Mtu auzaye mboga sokoni kila alfajiri, akipelekwa mbali na soko, huokoka na maji akashikwa na njaa. Basi wanaotayarisha mji lazima wafikiri habari za nauli, kazi na shule, si habari za maji tu.

4. Waokoaji walipohitaji kuokolewa

Sasa tuwatazame jirani zetu wa kusini. Beira ni mji wa bandari katika nchi ya Msumbiji, uliojengwa katika nchi ya chini kabisa, ufuoni mwa bahari. Usiku wa tarehe 14 Machi 2019 kimbunga kiitwacho Idai kiliupiga. Umeme ukakatika. Simu zikanyamaza. Hospitali kuu ya mji iliezuliwa mapaa, na vyumba vya kupasulia wagonjwa viliharibika. Barabara kubwa iendayo Zimbabwe ilikatwa na maji. Katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi walikufa watu zaidi ya 1,000.

Angalieni jambo la ajabu na la kuogofya. Siku za kwanza watu wa nje hawakujua ukubwa wa msiba, kwa sababu mji haukuweza kusema. Aliye na jeraha alitafuta hospitali, na hospitali yenyewe ilikuwa na jeraha. Na waokoaji wa mji wowote ni wenyeji wa mji huo. Wana nyumba, wake, waume na watoto kama wengine. Kimbunga hakiulizi, "Wewe ni daktari? Wewe ni askari wa zimamoto?" Hupiga wote pamoja.

Hili ndilo fundisho kuu la Beira: atakayewaokoa wengine lazima kwanza awekwe mahali pa usalama, yeye na vyombo vyake.

5. Mambo matano ya kutayarisha

Yusufu alipokuwa Misri hakungoja njaa ifike ndipo ajenge ghala. Alijenga katika miaka ya shibe, watu walipokuwa wakila na kusaza, na labda wengine walimcheka. Kadhalika mji wenye hekima hujitayarisha siku za jua. Mambo ya kutayarisha ni mengi, lakini tutayataja matano.

Kwanza ni habari. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini siku hizi mawingu yaonekana mbali kabla hayajafika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutazama picha zitokazo katika vyombo vilivyo juu angani, kisha hutangaza hatari. Walakini tangazo likikaa ofisini halimwokoi mtu. Lazima lipite kwa redio, kwa simu, kwa misikiti na makanisa, kwa wenyeviti wa mitaa, hata limfikie bibi kizee asiye na simu. Tena liseme wazi jambo la kufanya. Tangazo la kwamba milimita kadha wa kadha za mvua zitanyesha wengi hawalielewi. Tangazo la kwamba watu wa bondeni wahame kabla ya magharibi, waende shuleni kilimani, huelewa kila mtu.

Pili ni ramani. Mwokozi asiyejua vichochoro hupotea. Katika mwaka 2015 ilianzishwa kazi iitwayo Ramani Huria mjini Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo vikuu walitembea kwa miguu pamoja na wenyeji wa mitaa, wakachora nyumba, njia, mifereji na mahali maji yanapokaa. Wenyeji ndio waliojua maji ya mwaka uliopita yalifika ukuta gani. Hivyo elimu ya chuo na kumbukumbu ya mtaa zilioana, na ramani ikapatikana.

Tatu ni vituo na vyombo. Kituo cha zimamoto, hospitali na mtambo wa umeme wa akiba havifai kuwekwa bondeni. Jenereta ikiwekwa chini, maji yakaingia, hospitali huwa giza saa ile ile inapohitaji taa. Kituo kikubwa cha mabasi ya mwendokasi kilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, nacho kikafurika mara nyingi. Hilo ni funzo kwa wajenzi wote. Tena pamoja na magari ziwepo mashua, kamba, maboya, taa, na redio za mawasiliano zisizotegemea mitambo ya simu. Mafuta na dawa viwekwe akiba, na waokoaji wajifunze kuogelea na kuendesha mashua kabla ya siku ya haja.

Nne ni njia za maji. Mfereji uliojaa takataka ni adui wa zimamoto, maana huigeuza barabara kuwa mto. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 200 za Marekani kwa kazi ya bonde la Msimbazi, ili mto upate nafasi yake, na daraja refu lijengwe Jangwani. Kando ya bahari mjini humo ulijengwa ukuta wa kuzuia mawimbi. Walakini ukuta peke yake hautoshi. Mikoko iliyo hai pwani huvunja nguvu ya mawimbi bila mshahara, na mwenye kuikata huuza mlinzi wake.

Tano ni watu. Vyombo vyote hivi ni bure kama watu hawajafundishwa. Kwa habari hii tuwatazame watu wa nchi nyingine.

6. Baiskeli na vipaza sauti vya Bangladesh

Bangladesh ni nchi ya Asia, tena ni nchi ya chini sana, penye mito mikubwa na bahari yenye vimbunga. Mwezi wa Novemba mwaka 1970 kimbunga kiliipiga pwani yake usiku, kikaua watu laki tatu au zaidi. Tafakarini hesabu hiyo: ni kana kwamba mji mkubwa mzima umezimwa kama taa.

Baada ya msiba huo, mwaka 1972, Serikali na watu wa Msalaba Mwekundu walianza kufundisha watu wa kujitolea vijijini. Kazi yao haikuhitaji mitambo mikubwa. Hatari ikitangazwa, hutweka bendera, hupanda baiskeli au huenda kwa miguu, hupaza sauti mlango kwa mlango, na kuwachukua wazee na wagonjwa mpaka katika nyumba za hifadhi. Nyumba nyingi za namna hiyo zimejengwa juu ya nguzo, na siku za kawaida ni shule. Leo watu hao wa kujitolea ni zaidi ya 70,000, nao ni wanaume kwa wanawake.

Je, ilifaa? Mwaka 2020 kimbunga kikubwa kiitwacho Amphan kiliipiga pwani ile, na mamilioni ya watu walikwisha kuhamishwa. Waliokufa katika Bangladesh hawakufika 50. Bahari haikuwa na huruma zaidi kuliko mwaka 1970. Watu ndio waliojifunza.

7. Kimbunga Hidaya

Na sisi tulijaribiwa. Katika siku za mwanzo za Mei mwaka 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa iliona kimbunga baharini, mashariki ya pwani yetu, kikaitwa Hidaya. Nchi ilikuwa imekwisha kuumizwa: tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu alikuwa ameliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155. Basi watu wakaonywa mapema. Safari za vyombo kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa.

Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika kisiwani Mafia, nguvu zake zikiwa zimepungua. Maafa makubwa ya roho yaliyoogopwa hayakutokea. Lakini mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, na mamia ya wasafiri walikwama njiani. Tukio hilo lilitufundisha mambo mawili: kwamba onyo la mapema lafaa, na kwamba barabara moja peke yake si tegemeo. Mji wa pwani lazima ujue tangu zamani jinsi chakula, dawa na waokoaji watakavyofika njia ikikatika.

8. Na sisi wa Songwe?

Msidhani kwamba mlima ni kinga ya kila jambo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang, mkoani Manyara, vikaua watu zaidi ya 80, nao walikuwa mbali sana na bahari. Mwezi wa Aprili 2024 tope lilishuka Mbeya, karibu nasi kabisa, likafukia nyumba. Na mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, hufurika na kubadili njia yake, hata shamba lililokuwa ng'ambo hii likajikuta ng'ambo ile.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 yataka ziwepo kamati za maafa tangu taifa hata kijiji. Kwa hiyo kazi hii si ya mji wa pwani peke yake, wala si ya wakubwa peke yao. Kila mwanafunzi ajue mambo haya: mahali pa juu palipo karibu na kwao, jirani gani ni mzee, kipofu au mgonjwa asiyeweza kukimbia, na namba 114, ambayo ndiyo ya kuwaita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Asivuke maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya magoti, maana maji ya magoti yamewachukua watu wazima. Asitupe takataka mferejini. Na akisikia onyo, asilifanye mzaha, bali alipeleke nyumbani kwa adabu, aseme, "Shikamoo baba, shikamoo mama, leo tumeambiwa hivi."

Bwana Yesu alitoa mfano wa watu wawili waliojenga nyumba, mmoja juu ya mwamba na mwenziwe juu ya mchanga. Mvua iliyowapiga ilikuwa moja. Tofauti yao haikuonekana siku ya mvua tu; ilikuwapo tangu siku ya kuchimba msingi, jua lilipokuwa likiwaka, na hakuna aliyeona haja ya haraka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mji usiojitayarisha kabla ya gharika huja kuhesabu wafu wake baada ya gharika.

Maneno ya kujifunza

Gharika: maji mengi yafurikayo na kuharibu.
Kimbunga: upepo mkubwa sana uzungukao, utokao baharini pamoja na mvua.
Tabianchi: hali ya joto, mvua na upepo wa nchi kwa miaka mingi.
Hifadhi: mahali pa kukimbilia usalama.
Kujitolea: kufanya kazi ya msaada bila kudai mshahara.

Maswali

1. Kwa nini gharika ya Dar es Salaam huwadhuru watu wa Tunduma? Toa sababu mbili.
2. Kwa nini vimbunga ni haba katika pwani yetu?
3. Kikosi cha zimamoto hupata taabu gani siku ya gharika ambayo hakiipati siku ya moto?
4. Kwa nini watu wengine walirudi bondeni baada ya kupewa viwanja Mabwepande? Wewe ungaliwasaidiaje?
5. Eleza kwa nini jenereta ya hospitali isiwekwe chini.
6. Ni nini kilichobadilika katika Bangladesh kati ya mwaka 1970 na 2020: bahari au watu? Eleza.
7. Chora ramani ya njia toka nyumbani kwenu hata shuleni. Onyesha mito, mifereji, mahali maji yanapokaa, na mahali pa juu. Kisha mwonyeshe mzazi wako, umwulize kama umekosa kitu.